Karai, Mwiko na Nguzo ya Mita 6: Namna ya Kufikisha Waifai Nyumba ya Mbali

Nyumba ya kaka yangu iko mgongoni mwa kilima, Muheza, na ana ruta ya intaneti anayolipia kwa mwezi. Nyumba ya shangazi iko bondeni, mita 650 kwa kipimo cha ramani ya simu, na katikati kuna shamba la michungwa. Binamu yangu alikuwa akipanda kilima kila jioni na daftari kwapani ili apakue masomo yake ya chuo, kisha anarudi gizani. Bando la simu lilikuwa haliwahi kufika mwisho wa wiki. Leo shangazi anaongea kwa video na wanawe walioko Muscat akiwa amekaa barazani kwake, na intaneti ni ile ile ya kaka.

Nitaeleza nilivyofanya, pamoja na pale nilipokosea, ili mwenye shida kama yangu asipoteze muda wala pesa.

Kinachofikisha mawimbi mbali

Watu wengi wakiona waifai haifiki huwaza kununua ruta yenye nguvu zaidi. Chukua balbu ya nyumbani: inamulika pande zote, na ukienda hatua 100 huwezi kusoma kwa mwanga wake. Taa ndogo ya tochi, inayokula umeme kidogo sana, inaonekana ng'ambo ya bonde kwa sababu nyuma yake kuna kikombe kinachong'aa kinachokusanya mwanga na kuupeleka upande mmoja. Ruta ni balbu. Kazi yetu ni kuitengenezea kikombe cha tochi.

Kikombe hicho hakina siri. Stan Swan wa New Zealand alieneza mtindo wa kuweka adapta ndogo ya USB ndani ya chujio la chuma la kuopolea vyakula kwenye mafuta, lile la wapishi wa Kichina. Jalalabad, Afghanistan, watu waliunda viakisi, yaani vikombe vya kurudisha mawimbi upande mmoja, vya mbao na nyavu za chuma na kuunganisha majengo ya mji wao kwa ruta za kawaida. Na mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake walipitisha mawimbi ya waifai kilomita 382 kutoka mlima hadi mlima kule Venezuela, kwa ruta za bei ya kawaida na madishi makubwa. Sisi tunatafuta mita mia chache, au kilomita moja na kidogo. Inawezekana kabisa.

Upande mwingine wa jambo hili ni kwamba kikombe husaidia kusema na kusikia pia. Mawimbi ya waifai ni mazungumzo: ruta inatuma, kifaa chako kinajibu. Ukiongeza nguvu ya ruta peke yake, kifaa chako kitaisikia ruta, lakini ruta haitakisikia. Kiakisi huongeza kote kuwili. Ndiyo maana kiakisi kimoja tu, upande wa shangazi, kilitutosha.

Hatua ya 1: Tazama njia kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo nilipokosea. Nilianza kwa kutengeneza antena, lile karai nitakaloeleza kwenye Hatua ya 4, nikaifunga dirishani kwa shangazi, kimo cha mita 2 kutoka ardhini. Nikapata ishara ya dBm -88 (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara, na -88 ni dhaifu sana), inayoshika na kukatika. Siku tatu nilihangaika na antena, kumbe antena ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa michungwa. Majani mabichi yamejaa maji, na maji humeza mawimbi haya. Mchungwa mmoja unaweza kuvumilika. Mstari mzima wa michungwa ni ukuta.

Fanya hivi. Jioni, giza likianza kuingia, mwombe mtu asimame pale ruta ilipo na awashe tochi ya simu akiielekeza kwako. Wewe panda ngazi mahali unapotaka kuweka antena. Ukiuona mwanga, kazi inaendelea. Usipouona, panda juu zaidi au hamia upande mwingine wa nyumba. Usipouona popote, usinunue kitu kwanza.

Kuuona mwanga peke yake hakutoshi, maana mawimbi hayapiti kwa mstari mwembamba kama uzi. Yanapita kwenye nafasi nene katikati na nyembamba kwenye ncha, mfano wa muhogo. Kwa waifai ya gigahezi 2.4 na umbali wa mita 650, unene wake pale katikati ni mita 4.5 hivi kutoka mstari wa kati kwenda kila upande. Kwa kilomita 1 ni mita 5.5. Si lazima yote iwe wazi, lakini asilimia 60 ya hapo iwe wazi: karibu mita 2.7 kwa njia yetu, na mita 3.3 kwa kilomita 1. Kwa hiyo mstari wako usiguse vichwa vya miti, upite juu yake kwa mita hizo. Mnazi mmoja mmoja hauna shida kubwa, shina lake ni jembamba na makuti yako juu.

Sisi tulisimamisha nguzo ya mkaratusi ya mita 6 juu ya ardhi, kando ya jiko la shangazi. Antena ile ile niliyokuwa nimeilaumu ikatoa dBm -68 mara moja.

Angalia pia bati. Paa la bati, dirisha lenye wavu wa chuma na tangi la maji la chuma vyote hurudisha mawimbi nyuma. Ruta ya kaka ilikuwa nyuma ya kabati la chuma. Tukaihamishia dirishani, upande unaotazama bondeni.

Hatua ya 2: Hesabu ndogo ya daftari

Usiogope hesabu hii, ni kujumlisha na kutoa tu. Desibeli ni kipimo cha nguvu kupanda au kushuka. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yakienda kilomita 1 hewani hupoteza desibeli 100. Kila ukizidisha umbali mara mbili, unapoteza 6 zaidi: mita 500 ni 94, kilomita 2 ni 106. Kwa mita 650 ni 96 hivi.

Ruta ya nyumbani hutoa kama dBm 18, na antena zake huongeza 2. Karai letu linaongeza 12. Basi 18 na 2 na 12 ni 32. Toa 96, unabaki na -64. Ukuta na kioo cha dirisha vikala 3 au 4, tukafika -68. Hesabu na nguzo zikakubaliana, na hapo ndipo nilipoamini kwamba hakuna kilichofichika.

Soma namba hivi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Hadi -70 video inapita bila kukwama. Kati ya -70 na -80 utasoma, utatuma ujumbe na kupiga simu za sauti. Kuanzia -85 utahangaika. Jiachie akiba ya desibeli 10 kwa ajili ya mvua, upepo na majani yatakayoota.

Hatua ya 3: Vifaa

Utahitaji adapta ya waifai ya USB ya gigahezi 2.4, ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Usichukue ile fupi kama ukucha, antena yake ni duni mno. Tafuta yenye urefu wa kidole. Utahitaji kebo ya USB ya kurefushia, karai la chuma au dishi kuukuu la king'amuzi, mwiko wa mbao, vifungo vya plastiki, chupa ya plastiki ya kukinga mvua na nguzo.

Kebo za USB za kawaida zisizidi mita 5 kwa jumla, zikizidi hapo kompyuta huacha kuiona adapta. Zipo zenye kikuza ndani yake zinazofika mbali zaidi, na kwa nguzo ndefu utazihitaji.

Kwa nini USB na si waya wa antena? Kwa sababu waya mwembamba wa antena, kama ule uitwao RG58, humeza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye masafa haya. Mita 10 za waya huo zinakula karibu kila ulichokipata kwenye karai. Kwenye kebo ya USB kinachosafiri ni data, si mawimbi, kwa hiyo ishara haipungui hata kidogo. Redio inakaa pale pale juu ya nguzo, mbele ya kiakisi.

Hatua ya 4: Karai, na kutafuta kitovu chake

Karai linalofaa ni pana na lenye kina kidogo, limeviringana vizuri, halina kitako bapa. La kukaangia linafaa. La fundi mwashi la kubebea zege nalo linafaa kama halijabondeka. Chujio la chuma au wavu pia ni sawa, mradi matundu yasizidi milimita 12, maana mawimbi haya yana urefu wa sentimita 12 na tundu lililo dogo mara kumi kuliko urefu huo huwa kama halipo. Wavu wa plastiki haufai, mawimbi hupita kana kwamba hakuna kitu.

Kila karai lina kitovu, mahali mbele yake ambapo kila kilichogonga bakuli hukutana. Adapta ikikaa hapo, inasikia mara nyingi zaidi. Ikikaa sentimita 3 pembeni, umefanya kazi ya bure. Kitovu hupatikana hivi: pima kipenyo cha mdomo, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa kina mara 16. Karai letu lina kipenyo cha sentimita 38 na kina cha sentimita 9. 38 mara 38 ni 1,444. 9 mara 16 ni 144. Jibu ni sentimita 10 kutoka kwenye kitako, kwa ndani.

Hakikisha kwa jua. Tandika karatasi ya foili ndani, elekeza karai kwenye jua la asubuhi, na upitishe kipande cha karatasi mbele yake kwa koleo refu. Pale doa la mwanga linapokuwa dogo na kali kabisa ndipo kitovu kilipo. Usiweke mkono hapo wala usilitazame doa kwa muda, linaunguza. Watoto wakae mbali.

Jambo hilo hilo lina hatari ya baadaye. Karai linalong'aa likitazama magharibi, jua la jioni litayeyusha plastiki ya adapta yako. Lipake rangi ya kawaida isiyong'aa. Mawimbi yanapita kwenye rangi bila shida, jua ndilo linalotawanyika. Usitumie rangi ya fedha yenye unga wa chuma.

Sasa toboa tundu katikati ya kitako, pitisha mpini wa mwiko, uukaze kwa misumari midogo ya skrubu. Mwiko ni mzuri kwa sababu ni mbao, hauzibi mawimbi. Funga adapta kwenye mwiko ili ncha yake, upande ulio mbali na plagi, ikae sentimita 10 zako. Isimame wima kama mtu, kwa sababu antena za ruta nazo zimesimama wima, na mawimbi yaliyosimama hayapokelewi vizuri na antena iliyolala. Ukishamaliza kila kitu, ijaribu pia ikiwa imelala na uchague iliyo bora. Mafundi wa viwandani hawapangi antena ndani ya adapta kwa namna moja.

Ifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, mdomo ukiangalia chini, na uache kitundu kidogo cha unyevu kutoka. Acha kebo ining'inie kama kitanzi chini ya adapta kabla ya kupanda kwenye nguzo, maji yadondokee hapo badala ya kuifuata kebo hadi ndani.

Dishi la king'amuzi, kwa walio mbali zaidi

Mitaa yetu imejaa madishi yaliyoachwa juu ya mapaa tangu watu wahamie ving'amuzi vya antena. Dishi la sentimita 60 linaongeza desibeli 18 hivi, yaani 6 zaidi ya karai, na hizo 6 ni umbali mara mbili. Tena kitovu chake kimeshatafutwa kiwandani: ni pale LNB ilipokaa, kile kichwa kilicho mwisho wa mkono wa dishi. Toa LNB, funga adapta mahali pake, mbele ya mdomo ule ule.

Linachanganya watu kwa jambo moja. Madishi haya hayatazami mbele yao, yanatazama juu kwa nyuzi 20 na zaidi kuliko uso wao unavyoonyesha. Ukilisimamisha wima litakuwa linaiangalia mbingu. Kwa kulenga nyumba ya jirani lazima uliinamishe mbele hadi lionekane kama linatazama ardhi mita chache mbele ya nguzo. Kikono cha ukutani mara nyingi hakikubali kuinama kiasi hicho. Ligeuze juu chini, mkono wa LNB uwe juu, na mara nyingi litakubali.

Antena ya kopo

Wengi wameiona antena ya kopo na kuulizia. Inafanya kazi, ila inataka kipimo sahihi na fundi redio wa kulehemu, na inaleta tena ule waya unaokula ishara. Kipenyo cha kopo kiwe kati ya milimita 75 na 92. Chini ya 73 mawimbi hayaingii kabisa. Juu ya 93 huanza kusafiri kwa mitindo miwili ndani ya kopo na nguvu hugawanyika. Ndani yake husimama kipande cha waya wa shaba cha milimita 31, na umbali wake kutoka kitako cha kopo unategemea kipenyo: kopo la milimita 80 ni milimita 71, la 85 ni 58, la 90 ni 51. Urefu wa kopo uwe angalau mara tatu ya umbali huo, kwa hiyo mara nyingi utaunga makopo mawili. Ukifanya yote hayo vizuri unapata desibeli 8 hivi. Karai na mwiko vinatoa zaidi kwa kazi ndogo.

Hatua ya 5: Kulenga

Hii ni kazi ya watu wawili na subira. Mmoja juu ya ngazi, mwingine kwenye kompyuta anasoma namba kwa sauti. Kwenye Windows, andika `netsh wlan show interfaces` utaona asilimia: 100 ni dBm -50, 60 ni -70. Kwenye Linux, `iw dev wlan0 link` inatoa dBm yenyewe, ukibadilisha jina la kifaa likiwa tofauti.

Zungusha karai kidogo kidogo, nyuzi 5 kwa mara moja, kisha simama sekunde 10. Namba ya waifai hairuki papo hapo, na ukiharakisha utapita mahali pazuri bila kujua. Karai la sentimita 38 linaona upana wa nyuzi 20 hivi, dishi la 60 linaona kama 14, kwa hiyo dishi linataka mkono mtulivu zaidi. Ukipata kilele, usiridhike hapo hapo. Kila kiakisi kina vilele vidogo pembeni vinavyodanganya. Endelea hadi namba ishuke, ipande tena kidogo, ishuke, halafu rudi kwenye kile kilele kikubwa. Baada ya hapo fanya vivyo hivyo juu na chini. Mkono na mwili vikae nyuma ya karai wakati wa kusoma.

Hatua ya 6: Upande wa ruta

Ingia kwenye ruta, tumia gigahezi 2.4, weka upana wa chaneli kuwa megahezi 20, na uchague chaneli 1, 6 au 11 kulingana na ipi haina majirani wengi. Chaneli hizo tatu hazipandiani. Upana wa 40 unavutia kwenye maandishi, lakini unakusanya kelele zaidi.

Nywila iwe ya WPA2 au WPA3 (aina za ulinzi unazochagua kwenye ruta), na ndefu. Kumbuka sasa mtandao wako unasikika mbali kuliko zamani. Na ingia kwa ruhusa ya mwenye intaneti tu. Karai linaweza kusikia ruta za watu wengi njiani, hilo halikupi haki ya kuziingia.

Hatua ya 7: Kuigawa ndani ya nyumba

Adapta ikishashika, intaneti imefika kwenye kompyuta moja. Kama kompyuta ina waifai yake ya ndani, Windows 10 na zilizofuata zina uwezo wa kuigawa kwa simu za nyumbani. Sisi tulianza hivyo, kisha tukachoka kuacha kompyuta ikiwaka kwa ajili ya simu. Njia bora zaidi ni ruta ndogo ya safari, ile ya kiganja inayotumia umeme wa volti 5. Itoe kwenye kasha kama kasha ni kubwa, iweke kwenye kitovu badala ya adapta, uipange ipokee waifai ya mbali, na ushushe kebo ya mtandao hadi kwenye ruta nyingine ndani. Kebo ya mtandao inafika mita 100, kwa hiyo nguzo inaweza kusimama popote palipo wazi, hata mwisho wa shamba.

Radi, nyaya za umeme na sheria

Nguzo ndefu yenye chuma juu inaita radi. Mawingu yakijikusanya, chomoa kebo kwenye kompyuta kabisa, si kuzima tu. Ukitumia nguzo ya bomba la chuma, iunge kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu. Usisimamishe nguzo mahali ambapo ikianguka itagusa nyaya za umeme. Pima urefu wake, ongeza mita 2, na nyaya ziwe mbali zaidi ya hapo.

Mkanda wa gigahezi 2.4 ni wa wote, lakini nguvu inayotoka kwenye antena ina kikomo kisheria, na kuuza intaneti kwa majirani kunahitaji leseni. Tanzania wanaosimamia ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC. Wapigie kabla hujaanza kutoza mtu hela.

Ukizidi kilomita 2

Hapo ningekushauri ununue jozi ya vifaa vya nje vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mbali na nguvu, kuna suala la muda: waifai hutuma, kisha hungoja kuthibitishiwa, na mawimbi huchukua kama sehemu tatu za milioni ya sekunde kwa kila kilomita. Ruta ya nyumbani imepangwa kungojea jibu la karibu, na jibu likichelewa hudhani limepotea na kutuma tena. Vifaa vya nje, au ruta yenye programu ya OpenWrt, vina mahali pa kuandika umbali. Andika umbali wako halisi na nyongeza kidogo.

Ukimaliza kukaza kila kitu, piga alama ya rangi kwenye nguzo na kwenye kikono cha karai, mstari mmoja unaovuka vyote viwili. Masika ya kwanza upepo ulilizungusha karai letu, na binamu alilirudisha peke yake kwa kuunganisha ile mistari miwili. Andika pia dBm na tarehe nyuma ya mlango. Mwezi wa 11 namba ya shangazi ilishuka kutoka -68 hadi -75, tukapanda na msumeno, tukakata tawi moja la mwembe lililokuwa limechipua njiani.